Andika Idadi Tu

Jumatano hapa Ibra, wanawake wakitoka sokoni kwao
hutupitia na mifuko ya vitambaa na sufuria mpya;
ukumbi wa kungojea hunuka hina na dawa ya kudekia,
kiyoyozi hukohoa kuliko wagonjwa.

Mimi ni muuguzi wa watoto, mwaka wa kumi na tisa,
mlango ni huu huu. Nimepima urefu, uzito, mzingo wa kichwa,
nimehesabu meno yaliyoliwa na halua,
na sasa nimeletewa karatasi ya kupima
kisichopanda mizani.

Maswali kumi. Yupo mkubwa nyumbani anayemtusi mtoto?
Anayempiga hadi alama ibaki?
Yupo aliyefungwa? Aliyelala siku nyingi kauelekea ukuta?
Mama amepigwa, mtoto akiona?
Na chini kabisa, kwa herufi za upole:
usitaje ni lipi, andika idadi tu.

Nilicheka, siku ya mafunzo. Huku kwetu
mtu hakutajii hata bei ya mbuzi wa Idi,
atakutajia mumewe?
Nyumba husitiri mambo, alikuwa akisema bibi yangu,
na usiku mmoja alilisema ameegemea mlango kwa mgongo wote,
mlango ukipigwa bega kwa upande wa pili.

Leo kaingia Azzan, miaka sita na nusu.
Tumbo linamuuma. Kapewa dawa ya minyoo mara tatu,
minyoo wenyewe hatukuwahi kuwaona.
Linauma lini?
Mama yake, Rayya, akatazama kucha zake.
Bi Shinuna, mama wa mume, akajibu yeye:
Alhamisi, jioni. Ni vile vitafunio vya shule.

Alhamisi jioni, barabara ya kutoka Maskati
hujaa magari ya wanaume wanaorudi kwao.
Kila mtu Ibra anajua hilo. Mimi pia ninalijua.

Nikamwambia Bi Shinuna: mamangu, nisaidie,
mpeleke mjukuu akanywe maji, bomba la baridi liko mbali kidogo.
Liko hapo nje tu. Alilitafuta.

Rayya akaishika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha jirani.
Akaniuliza kwa Kiswahili, Kiarabu akakiacha mezani:
— Nikiandika, nani atasoma?
— Mimi na daktari.
— Halafu?

Halafu. Hilo ndilo swali la kumi na moja,
nalo halikupigwa chapa.
Mshauri wa familia huja Jumatatu, saa mbili tu,
na mwezi uliopita Jumatatu mbili hakuja.
Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia hivyo hivyo ilivyo,
kisha nikaandika namba yangu nyuma ya kadi ya chanjo,
pale ambapo hakuna anayesoma.

Akachora kijiti. Akangoja. Kijiti kingine.
Nje sauti ya Bi Shinuna ilikuwa inarudi.
Vijiti viwili vya mwisho vikatoka pamoja, vimelalia,
kama watu wanaokimbilia chumba kimoja.
Nne. Sikuuliza ni zipi.

Mtoto akarudi, midomo imelowa, akasimama kwenye ukuta wa vipimo.
Visigino chini, nikasema. Akaviinua.
Visigino, Azzan. Akaviinua tena,
shingo imenyooka, macho kayakaza juu ya kichwa changu.
— Una haraka ya kurefuka?
— Nimebakiza kidogo.
— Kidogo kufikia wapi?
— Komeo. Lile la juu.

Bi Shinuna akaanza kutafuta kitu mkobani.
Mimi nikaandika: sentimita mia na kumi na tano.
Nikainua simu kuitafuta Jumatatu,
na ilikuwa ni Jumatano bado.